Mlango ni mmoja, timu ni nyingi

Maneno haya yalisemwa na mfanyakazi wa shirika moja la hapa kwetu, mbele ya kamati za wahamishwa, viongozi wa mitaa na wazazi waliokutana Kalemie kutayarisha mashindano ya vijana. Tumeyaandika karibu jinsi yalivyosemwa, ili wale ambao hawakufika wayasome na kuyajadili nyumbani.

Bwana shefu wa mtaa, wazee wetu, mama prezida wa kamati ya wahamishwa, wababa na wamama, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, nawasalimu nyote. Aksanti kwa kuacha kazi zenu. Najua kwa wengine leo ni siku ya shamba, na kwa wengine ni siku ya kungoja jetoni. Sitawachelewesha sana.

Mnakumbuka mashindano ya mpira wa miguu yaliyopita, kati ya vijana wa kambi na vijana wa mtaa. Sitayasimulia yote kwa sababu mlikuwepo. Yalianza kwa maneno tu: huyu hana miaka 17, tazama ndevu zake, na yule ana mtoto nyumbani. Kisha yakaja mawe. Kijana mmoja alishonwa kichwani. Na kwa siku nne wamama wa kambi waliogopa kwenda kuchota maji kwenye bomba la mtaa. Mpira ulichezwa saa moja na nusu. Maji yalikosekana siku nne.

Sasa tunataka kucheza tena. Wengine wamesema afadhali tuache kabisa. Nawaelewa. Lakini nimeombwa kusema neno, na ningependa nisianze na ugomvi wetu. Wazee wetu, walipotaka kupatanisha ndugu wawili, mara nyingi walianza na habari za watu wa mbali, ili kila mmoja asikilize bila kuona kwamba ndiye anayehukumiwa. Nami nitafanya vivyo hivyo. Nitawaeleza habari za mchezo ambao hapa kwetu hatuuchezi. Unaitwa kriketi.

Wengine mliwahi kukaa Lugufu au Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa, na pengine mlisikia redio ya Tanzania ikiutaja. Timu ni mbili, kila moja ina watu 11. Nyuma ya mpigaji kuna vijiti vitatu vilivyosimamishwa. Mtupaji anarusha mpira mdogo mgumu ili aviangushe. Mpigaji ana gongo bapa la mti. Analinda vijiti vyake na kuupiga mpira uende mbali. Mpira ukiwa mbali, yeye na mwenzake wanakimbia kubadilishana nafasi, na kila wakibadilishana wanahesabiwa mkimbio mmoja. Timu ya kwanza ikimaliza zamu yake, ya pili inaingia kupiga. Kwa vijana wa kiume kila timu hutupiwa mipira 300, kwa hiyo mchezo mmoja hula siku nzima. Mwamuzi akiinua kidole, mpigaji ametoka, na anaondoka uwanjani kwa miguu yake mwenyewe.

Mchezo huu una Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 19. Lilichezwa mara ya kwanza Australia mwaka 1988, na tangu mwaka 1998 linafanyika kila baada ya miaka miwili. La mwaka 2026 lilifanyika Zimbabwe na Namibia, na timu zilikuwa 16.

Lakini mimi sikuja kueleza habari za Kombe lenyewe. Nataka tutazame mlango wa kuliingilia. Nchi kubwa za kriketi, kama India, Australia na Uingereza, huingia bila kugonga. Nchi ndogo zinapita kwenye mashindano ya mchujo, kila moja katika bara lake. Afrika Kusini na Zimbabwe zimo katika hesabu ya nchi kubwa. Nchi nyingine zote za Afrika huachiwa nafasi moja tu. Nchi nyingi, mlango mmoja. Mtu anaweza kusema kwamba hiyo si haki, na sitabishana naye. Ninyi mnaopanga foleni ya unga mnajua maana ya vitu vichache na watu wengi.

Basi tuone wamefanya nini mbele ya mlango huo.

Mwaka 2017 mchujo wa Afrika ulifanyika Nairobi, na Kenya ikapita. Mwaka 2019 ulifanyika Windhoek, mji mkuu wa Namibia, na Nigeria ikapita, ikawaacha wenyeji nje. Mwaka 2021 ulifanyika Kigali, na Uganda ikapita. Mwaka 2023 ulifanyika Dar es Salaam. Watanzania walicheza nyumbani, lakini aliyepita ni Namibia. Mwaka 2025 ulifanyika Lagos, Nigeria, na safari hii Tanzania ikapita, mara ya kwanza kwa vijana wake.

Hesabuni wenyewe. Michujo mitano, washindi watano tofauti. Hakuna aliyepita mara mbili. Na kati ya wenyeji watano, mmoja tu ndiye aliyeshinda nyumbani kwake. Wengine wanne walipokea wageni, wakatayarisha uwanja, wakaandaa chakula na mahali pa kulala, kisha wakamtazama mgeni akipita mlangoni.

Na kuna jambo moja ambalo ningependa wenyeji wa mtaa huu walisikie vizuri, na wahamishwa pia. Namibia ilikuwa mwenyeji wa Kombe la mwaka 2026 pamoja na Zimbabwe. Viwanja vya Windhoek vilikuwa vyao. Lakini vijana wao wenyewe hawakucheza, kwa sababu walishindwa katika mchujo. Vijana waliocheza Windhoek walikuwa wa nchi nyingine, na Tanzania ilikuwa mmojawapo. Wanamibia hawakusema, "Uwanja ni wetu, basi tutaingia kwa nguvu." Hawakuziba njia. Walijua sheria tangu mwanzo, na sheria haikusema kwamba mwenye uwanja ndiye mwenye nafasi.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye neno langu la leo. Mlango mmoja pekee hauleti vita. Watu wengi wanaweza kusimama mbele ya mlango mmoja na bado wakabaki jirani. Wanaopigana ni wale ambao hawajui mlango unafunguliwa kwa ufunguo gani, au wanaojua kwamba wengine wamepewa ufunguo huo usiku.

Naomba niwape habari yangu mwenyewe. Nilipokuwa na miaka 15 tulikuwa wahamishwa, familia yetu nzima chini ya shitingi moja. Nilikuwa nakimbia sana. Shule moja, ambayo sitaitaja, ilichagua vijana wa kwenda kushindana mbio katika mji mwingine. Tulijaribiwa uwanjani, na wote waliona kwamba nilikuwa wa pili. Orodha iliandikwa jioni, nyumbani kwa mtu. Asubuhi jina langu halikuwemo. Nikaambiwa, "Wewe huna cheti cha kuzaliwa, hatujui miaka yako." Lakini kijana aliyekuwa wa tano, ambaye naye hakuwa na cheti, jina lake lilikuwemo. Yeye alikuwa mtoto wa mtaa.

Kukosa safari kuliniuma siku chache. Kilichonikaa moyoni ni kwamba hakuna aliyetuambia habari ya cheti kabla ya kukimbia. Na mnajua nilimchukia nani? Simchukii tena, lakini kwa muda wa miaka miwili nilimchukia yule kijana wa tano. Sikumsalimu njiani. Yeye hakuandika orodha. Hakujua hata kwamba mimi nilikuwa wa pili. Ndivyo chuki inavyofanya kazi: aliyekosea yuko ndani ya nyumba usiku, na anayelipa ni jirani yako mchana.

Kwa hiyo naomba tutazame mambo matatu ambayo mchujo wa kriketi unatufundisha: umri, orodha, na kiongozi.

Kwanza umri. Mashindano ya chini ya miaka 19 yanasimama juu ya kitu kimoja, tarehe ya kuzaliwa. Inawekwa tarehe moja kwa wote; aliyezaliwa kabla yake hachezi, hata kama ni bingwa. Na tarehe hiyo inatangazwa mapema. Mchezaji anaonyesha karatasi. Huko India, ambako vijana ni wengi na udanganyifu ulikuwa mwingi, chama cha kriketi kilifika hata kupiga picha ya mifupa ya kiganja ili kukadiria umri wa watoto.

Hapa kwetu hatuna mashine hiyo, na karatasi nyingi ziliungua pamoja na nyumba. Wengine mlikimbia usiku na mtoto mgongoni; nani angekumbuka kuchukua cheti? Najua. Lakini tusiseme basi, yamekwisha. Sheria yetu ya kulinda mtoto ya mwaka 2009 inasema kila mtoto ana haki ya kuandikishwa katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Ndani ya siku hizo kutangaza mtoto kwenye ofisi ya eta-sivili ni bure. Nyumba zenye watoto wachanga, mkae mkihesabu siku. Zikipita 90, inabidi kupitia mahakama, kupata hukumu inayoshika nafasi ya cheti, ile tunayoiita kwa Kifaransa jugement supplétif. Hiyo ina safari, na ina gharama. Ndiyo maana naomba kamati zisimwache kila mzazi aende peke yake. Kusanyeni majina pamoja. Tafuteni kila kitu kinachosaidia: kipande cha chanjo, buletini ya shule, karatasi ya ubatizo, na watu wazima wanaokumbuka mtoto alizaliwa msimu gani na katika kijiji gani. Sisi wa mashirika tutawasindikiza, lakini hatutoi vyeti. Mtu asiwadanganye kwamba tunatoa.

Baba mmoja aliniambia juzi, "Kijana wangu ana miaka 20, lakini ni mfupi. Tukiandika 16, nani atajua?" Nilicheka naye, kisha nikamjibu nitakavyowajibu ninyi. Karatasi ile ile inayomzuia kijana wa miaka 20 kucheza na watoto, ndiyo inayomzuia mtu mwenye bunduki kumchukua mtoto wa miaka 14 na kusema, "Huyu ni mwanamume mzima." Ndiyo inayomzuia mtu mwenye mali kumwoa msichana wa miaka 15 na kusema, "Amefikisha 18." Tukizoea kucheza na umri kwa ajili ya kombe na jezi, tutasema nini siku watakapokuja wale wengine? Tutakuwa tumewafundisha sisi wenyewe kwamba miaka ya mtoto ni maneno tu.

Pili, orodha. Mchujo wa Afrika haumwamini mtu mmoja kusema nani anafaa. Timu nyingine huanza chini, kwenye kitengo cha pili, na zinazofanya vizuri ndizo zinazopanda kukutana na zile za juu. Huko juu kila timu inakutana na kila timu. Matokeo yanaandikwa kwenye jedwali ambalo kila mtu analisoma. Mwishoni hakuna haja ya kuuliza nani aliyechaguliwa, kwa maana jedwali limekwisha kusema.

Sisi nasi tunaweza. Karatasi kubwa na kalamu ya wino mzito hazigharimu franka nyingi. Tuibandike orodha kwenye ukuta wa shule siku saba kabla ya mchezo wa kwanza, na nyingine kwenye kibanda cha kamati kambini. Siku saba hizo mtu yeyote aweze kusema, "Huyu namjua, umri wake si huu," au, "Mtoto wangu alijaribiwa, mbona hayumo?" Malalamiko yasikilizwe na watu wanne, wawili wa mtaa na wawili wa kambi, na kati ya hao wanne angalau mama mmoja kila upande. Siku ya nane orodha inafungwa. Baada ya hapo, hata mtoto wa shefu haingii. Bwana shefu, naona unacheka. Aksanti.

Tatu, kiongozi. Na hapa nina habari ambayo kila mara nikiikumbuka ninajiuliza kama mimi ningeweza. Iko nchi ya visiwa huko mashariki ya mbali, inaitwa Papua New Guinea. Kwa kriketi ya vijana katika eneo lao la Pasifiki walikuwa wakubwa. Mara nyingi wao ndio waliopita. Mwaka 2019 mchujo wa eneo hilo ulifanyika Japani, katika mji wa Sano. Walishinda michezo yao, na wenyeji Japani nao walishinda yao. Ikabaki siku moja, mchezo mmoja, wao kwa wao, wa kuamua nani atakwenda Kombe la Dunia.

Kabla ya mchezo huo, wachezaji 10 wa Papua New Guinea walivunja kanuni za nidhamu. Iliripotiwa kwamba ilikuwa habari ya wizi dukani. Viongozi wao wangeweza kunyamaza. Wangeweza kusema, "Tutawaadhibu tukifika nyumbani, kwanza tucheze." Wangeweza kusema kwamba Wajapani wanawasingizia kwa sababu wanaogopa kushindwa. Hawakusema hivyo. Chama chao wenyewe kiliwasimamisha wachezaji hao 10. Timu haikutosha tena. Mchezo haukuchezwa, na Japani ikapita bila mpira hata mmoja kutupwa.

Mwaka uliofuata, kwenye Kombe huko Afrika Kusini, Japani ilikutana na India, ikatolewa yote kwa mikimbio 41 tu. Labda Papua New Guinea wangefanya vizuri zaidi. Hatujui. Tunalojua ni kwamba viongozi wale walipoteza nafasi kubwa kuliko zote ili wasimlinde mkosaji kwa sababu ni wao.

Sasa turudi nyumbani. Siku ile ya mawe, kila upande ulijua nani aliyerusha jiwe la kwanza. Upande wa kambi ulijua mtu wake. Upande wa mtaa ulijua mtu wake. Kila upande ulikuja kwetu na jina la mtu wa upande wa pili. Hakuna kamati hata moja iliyokuja na jina la mtu wake mwenyewe. Sisemi ili niwaaibishe. Nasema kwa sababu hapo ndipo amani yetu imekwama. Mwaka huu nawaomba viongozi mkubaliane jambo moja kabla ya mpira kuanza: mtu wangu akirusha jiwe, mimi ndiye nitakayemtoa uwanjani, sitangoja wewe umtoe. Kambi imwadhibu wa kambi, mtaa umwadhibu wa mtaa, mbele ya wote.

Wamama, sijawasahau. Wasichana nao wana Kombe lao la Dunia la kriketi chini ya miaka 19. Lilianza Januari 2023 huko Afrika Kusini. Na sasa nitataja nchi ambayo ikitajwa hapa nyuso hubadilika. Mshindi wa mchujo wa Afrika, uliofanyika Botswana mwaka 2022, alikuwa Rwanda.

Naona kimya kimeingia. Kati yenu kuna watu waliokimbia vita vya Kivu, na kila mmoja ana majina ya watu aliowaacha. Siwaombi msahau, na sina neno juu ya serikali yoyote. Nawaeleza habari za wasichana wa miaka 16, 17 na 18. Mchezo huu ulikua katika nchi yao mikononi mwa watu waliokuwa wakimbizi huko Uganda, Kenya na Tanzania, waliorudi baada ya mwaka 1994, waliujifunza ugenini. Wasichana hao walifika kwenye Kombe wakawashinda Zimbabwe, halafu wakawashinda West Indies, timu ya visiwa ambavyo vimecheza kriketi kwa vizazi vingi. Miaka miwili baadaye, Januari 2025 huko Malaysia, wasichana wa Nigeria waliwashinda New Zealand kwa tofauti ya mikimbio 2.

Nimewataja wa Rwanda kwa makusudi. Kama tunaweza kusikia habari njema ya mtoto wa upande ambao umetuumiza, bila kuona kwamba tumewasaliti wafu wetu, basi tunaweza pia kumpigia makofi mtoto wa mtaa akifunga bao, na mtaa unaweza kumpigia makofi mtoto wa kambi. Anayeona hilo ni gumu leo, na asilazimishwe. Mimi mwenyewe lilinichukua muda.

Na tukirudi kwenye orodha yetu: mashindano yaliyopita hayakuwa na msichana hata mmoja. Waliuza ndizi kando ya uwanja na kuwachotea wachezaji maji. Wasichana wa kambi hii wamenifuata mara tatu kuniuliza zamu yao ni lini. Naomba mama prezida alijibu hilo leo, si mimi.

Bado kuna mzee mmoja pale mbele ambaye najua anataka kuniuliza swali, kwa sababu aliniuliza jana. Alisema, "Mwanangu, watoto wetu wanalala njaa, paa linavuja, na wewe unatuletea habari za michezo?" Mzee, swali lako ni la haki. Mpira haujazi sufuria. Mtu akiwaambia kwamba mashindano yataleta amani peke yake, msimwamini. Na mtu akimwambia kijana kwamba atafika Kombe la Dunia, amwambie pia ukweli: Kongo yetu haijawahi hata kuingia katika mchujo huu wa kriketi.

Lakini nikujibu hivi. Baada ya Urusi ya Kisovieti kuingia Afghanistan mwishoni mwa mwaka 1979, watu wengi sana walikimbilia Pakistan. Waliishi kambini kama ninyi, miaka baada ya miaka. Katika kambi karibu na mji wa Peshawar, moja iliyoitwa Kacha Garhi, watoto walitazama Wapakistani wakicheza kriketi, wakaanza kucheza nao kwenye vumbi. Nina hakika huko pia mzee fulani aliuliza swali lako. Mwaka 1995, vita vikiendelea, walianzisha chama chao cha kriketi. Mwaka 2009 vijana wao chini ya miaka 19 walikwenda kwenye mchujo huko Kanada, wakapita, na mwaka 2010 wakacheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Mwaka 2018 walifika nusu fainali.

Je, Afghanistan imepata amani kwa sababu ya kriketi? Hapana. Wote tunajua. Wasichana wa huko leo hawaruhusiwi hata kucheza. Kriketi haikumaliza vita vyao. Ila kuna kitu kimoja ambacho watoto wale wa kambini walikipata kabla ya kombe lolote. Walijifunza kusimama mbele ya mtu ambaye si wa kwao, kila mmoja akingoja zamu yake, wakikubali neno la mwamuzi ambaye si baba wala mjomba. Huo ni ujuzi, mzee wangu. Ugawaji wa unga unaudai. Foleni ya bomba inaudai. Hata uchaguzi unaudai. Na sisi tulishindwa kuuonyesha siku ile, sisi watu wazima kwanza, kabla ya watoto.

Basi kabla hatujatawanyika, ninaomba tukubaliane juu ya mambo haya, na kila kiongozi aseme ndiyo au hapana mbele ya wote.

Tarehe ya umri itangazwe leo, moja kwa wote, na asiye na karatasi aletewe mashahidi wawili, mmoja wa kambi na mmoja wa mtaa.

Orodha za wavulana na za wasichana zibandikwe siku saba kabla, mahali pawili.

Waamuzi watoke mtaa mwingine, wasiwe na ndugu katika timu yoyote.

Kila upande umwadhibu mtu wake.

Na la mwisho, ambalo halina gharama: siku ya mchezo, na hata siku saba baada yake, bomba la maji libaki wazi kwa wote, ashinde nani ashindwe nani. Mama asilipe kwa kosa la mpira.

Yule kijana wa tano niliyewaambia habari zake, tulikutana tena tukiwa watu wazima, katika masomo ya chuo kikuu. Nilimweleza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe ndiyo sababu hukunijibu salamu." Tuliketi tukala bukari na dagaa. Alikuwa ameshika nafasi yangu bila kujua, nami nilikuwa nimemnyima salamu kwa miaka miwili, naye pia bila kujua sababu. Hatukuwa na deni sisi kwa sisi. Deni lilikuwa la walioandika orodha usiku.

Viongozi wetu, safari hii orodha iandikwe mchana. Bwana shefu, mama prezida, neno ni lenu sasa.